Kijana wa skuli apate wapi pesa ya baskeli na rangi za kuchorea?

Shangazi_Madungu (Chake Chake)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaozijua kazi zenyewe, si maneno ya jumla ya "kijana ajiajiri".

Nyumbani nina wawili. Wa kiume ana miaka 16, kidato cha tatu, na roho yake yote iko kwenye baskeli. Anataka ya gia, ya mtumba, ili awe anatoka na wenziwe kwenda Wete na kurudi. Wa kike ana miaka 14, anachora kila karatasi inayomfikia mkononi, na anataka rangi za maji, brashi nzuri na karatasi nzito isiyojikunja ikirowa. Havikosi maana vitu hivi, lakini mshahara wa nyumbani una kazi zake.

Skuli wanakwenda asubuhi. Alasiri wako chuoni mpaka karibu na magharibi, isipokuwa Alkhamisi na Ijumaa ambapo chuo wanapumzika. Kwa hiyo wakati wao ni jioni hizo mbili na siku za Jumamosi na Jumapili.

Masharti yangu: hakuna kupanda juu ya mikarafuu, hakuna kwenda pwani kuwakimbilia watalii, na hakuna mkopo. Ninachoweza kuwapa ni shilingi 30,000, wagawane. Nataka kujua ianze kazi gani, vifaa gani vinunuliwe kwanza, na hasara inatokea wapi. Nitashukuru.

Fundi_Wete

Waalaykum salaam Shangazi. Huyo wa kiume aanze na pancha. Kazi hiyo itamlipa na papo hapo itamfundisha baskeli atakayoinunua, maana ya gia ukiinunua bila kuijua utailisha pesa kila wiki.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: pampu ya mkono, vikono viwili vya plastiki vya kutolea tairi, msasa, tyubu ya solusheni, spana ya 14 na ya 15, beseni na chaki. Viraka asinunue. Tyubu kuukuu ya baskeli, ikioshwa na kukatwa vipande vya duara vya sentimita 3, inatoa viraka vya miezi. Akate duara na si mraba, kwa sababu pembe ya mraba ndiyo inayoanza kubanduka. Bisibisi asiiguse kwenye kutoa tairi. Wanafunzi wengi wanatoboa tundu la pili wakati wanatafuta la kwanza, na mteja analiona.

Kabla ya kufungua chochote amuulize mwenye baskeli: upepo ulitoka ghafla au umeisha usiku kucha? Ulioisha polepole mara nyingi ni valvu. Baskeli za kizamani kama Phoenix zina valvu yenye kimpira chembamba ndani. Kikikauka kinapasuka na upepo unavuja ingawa tyubu ni nzima. Apake mate kwenye mdomo wa valvu, vikitoka viputo abadilishe kimpira tu. Ni kazi ya dakika mbili, na akimtoza mtu bei ya pancha kwa kazi hiyo harudi tena.

Ikiwa ni tundu kweli, atoe upande mmoja wa tairi, avute tyubu, aijaze upepo na kuizamisha kwenye beseni kidogo kidogo. Penye viputo pafutwe maji na kuzungushiwa chaki. Hapa sasa ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu tundu linasomeka. Likiwa upande wa nje, kuna mwiba, kigae au waya bado umo ndani ya tairi: apitishe kitambaa (si kidole kitupu) ndani ya tairi lote mpaka kinase. Likiwa upande wa ndani, ni ncha ya spoku iliyotokeza kwenye ringi. Dawa yake ni kuikata kwa tupa na kuweka utepe mzima wa ringi. Matundu mawili madogo yaliyokaa ubavu kwa ubavu maana yake ringi imeing'ata tyubu kwa sababu mtu aliendesha na upepo mdogo, kwa hiyo amuonye. Na mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki. Amwambie mteja anunue tyubu, asimchukulie pesa.

Kuziba: asugue kwa msasa eneo lililo kubwa kuliko kiraka mpaka weusi wa kung'aa uondoke, kisha apake solusheni nyembamba, kwenye tyubu na kwenye kiraka pia. Halafu asubiri dakika 5. Kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii ni kubandika gundi ikiwa mbichi. Ile dawa inayoilainisha gundi lazima iruke kwanza, na ikifungiwa chini ya kiraka inafanya mapovu, kisha siku ya kwanza ya jua kali kiraka kinanyanyuka. Akigusa pembeni kwa kidole na gundi haifuati kidole, sasa abandike na agonge kwa mgongo wa spana kuanzia katikati kwenda nje. Baada ya hapo arudishe majini kuhakikisha kabla ya kuvisha tairi.

Kwa bei atazame mtaa wenu unatoza ngapi na asishushe. Mtoto akitoza nusu ya bei watu wanadhani kazi yake ni nusu.

Mkono ukishakomaa, kama baada ya miezi miwili, ajifunze kusafisha habu (kitovu cha gurudumu). Hapa Pemba maji ya chumvi na mchanga vinaingia mpaka ndani, na baskeli nyingi zinalia tu kwa kukosa grisi. Habu ya nyuma ya baskeli za kawaida inakula gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele gololi 10 za inchi 3/16 kila upande. Azihesabu wakati wa kutoa, azioshe kwa mafuta ya taa, na yenye alama ya kutu aitupe na kubadilisha za upande ule zote. Asijaribu kuongeza ya ziada kwa sababu ameona nafasi. Ile nafasi inatakiwa iwepo, na gololi ikizidi zinakwaruzana mpaka koni (kile chuma zinachozungukia) inaliwa. Koni aifunge ikiwa imelegea kidogo sana, maana nati ya nje ikikazwa inaibana zaidi.

Mnyororo asiupake mafuta ya kupikia, yanaganda na kushika mchanga. Mafuta ya cherehani yanatosha, tone moja kwa kila pingili, kisha apanguse yote ya juu kwa kitambaa. Yanayofanya kazi ni yaliyoingia ndani.

BiUbuyu_Mkunazini (Unguja)

Shangazi, kwa pesa iliyobaki mfikirie ubuyu. Mtaji unarudi ndani ya wiki moja, na kazi ya kupika ni saa mbili tu. Lakini watu wanaupika kwa kubahatisha, ndiyo maana leo unanata na kesho umekuwa mchanga. Upimwe.

Kwa kilo moja ya ubuyu wenye nyama yake nyeupe: sukari gramu 600, maji nusu lita, hiliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, chumvi robo kijiko, rangi nyekundu ya chakula nusu kijiko, arki ya vanila kifuniko kimoja. Wanaopenda mkali wanatia pilipili ya unga.

Kabla ya yote uchekechwe. Ule unga ulioanguka chini ya mfuko ukiingia sufuriani unageuza shira kuwa uji, na ubuyu haukauki hata ukikaa kutwa. Unga huo usitupwe, ni juisi nzuri ya nyumbani.

Chemsha maji, sukari, rangi na chumvi. Usikoroge sana sukari ikishayeyuka. Baada ya dakika kama 10 chukua tone kwenye kijiko, liache lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada kisha vifungue: ikivutika uzi mmoja usiokatika haraka, ndiyo yenyewe. Ikiwa bado maji, ubuyu utainywa shira, nyama itarowa na kuchubuka kutoka kwenye mbegu. Ikipitiliza, sukari itaganda punje punje kabla haijazivaa mbegu. Iliyopitiliza inaokoka: ongeza vijiko viwili vya maji, moto mdogo, ngoja ilainike tena.

Hapo tia viungo, mimina ubuyu, punguza moto na uwe unageuza kutoka chini kwenda juu kwa mwiko wa mti, dakika 10 mpaka 15. Unageuza kwa upole, usiponde. Kila mbegu ikianza kusimama peke yake, mwaga kwenye sinia pana na utandaze. Sasa subira: usifungwe mpaka upoe kabisa, saa tatu si nyingi. Ukifungwa na vuguvugu unatoa jasho ndani ya kifungashio, na baada ya siku nne unaona vidoa vyeupe vya ukungu. Huo ni wa kutupa wote, asijaribu kuuchagua.

Rangi inunuliwe ile iliyoandikwa ni ya chakula. Rangi ya ukindu ni ya mikeka, na inakaa kwenye mafungu yale yale sokoni, kwa hiyo mtoto aelekezwe wazi. Pia asifunge kwenye mifuko ya plastiki. Zanzibar tumeipiga marufuku tangu 2006, kabla ya Bara waliofuata 2019. Vikopo vidogo vya karatasi au koni za karatasi safi ya kuokea zinafaa, wala si gazeti, maana wino unahamia kwenye sukari.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Hizi ni bei za mfano, mbadilishe kwa za sokoni kwenu. Ubuyu 5,000, sukari 1,800, viungo na rangi 1,200, mkaa 1,000, vifungashio 1,000. Jumla 10,000. Unapata kama kilo moja na nusu, yaani pakiti 60 za gramu 25. Akiuza 200 anapata 12,000, faida 2,000, na hiyo inaliwa na pakiti kumi tu za kuonjesha na kugawia marafiki. Akiuza 300 anapata 18,000, faida 8,000. Akimpa mwenye duka kwa 250, anapata 15,000 na faida 5,000, lakini hakukaa kibarazani kutwa nzima kusubiri wateja, na kwa mwanafunzi huo muda ni mali. Mimi ningechagua duka, hata maduka mawili, na pakiti 10 tu za kuuza mwenyewe.

Pakiti zipimwe kwa mizani au kwa kikombe kimoja kisichobadilika. Mkono ukizoea "kuongeza kidogo" kila pakiti, zile 60 zinakuwa 48 na faida imekwisha bila mtu kuiona.

Mtambwe_Shamba

Nakubaliana na wote hapo juu. Niongeze la msimu, kwa sababu Pemba msimu wa karafuu ndio wenye pesa ya haraka, na Shangazi amekataza kupanda tu, hakukataza karafuu. Kukataza kupanda amefanya vyema. Tawi la mkarafuu linakatika bila kulia kwanza.

Kazi ya kijana ni kuchambua: kutenganisha karafuu na makonyo yake, usiku baada ya isha, wamekaa kwenye jamvi. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili ukikizungusha, vitumba vinaanguka na konyo linabaki mkononi. Malipo ni kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Wakubaliane mapema kama ni pishi ya mfuto au ya kujaa kichwa, kwa sababu tofauti ya kichwa kwa pishi kumi inakaribia kuwa kazi ya bure.

Karafuu zilizochumwa leo zichambuliwe leo. Zikilala kwenye lundo zinapata joto na kuvunda, na zikianikwa zinatoka nyeupe-nyeupe zilizosinyaa, ndiyo mpeta, na daraja linashuka. Mwenye shamba anayekuletea za juzi na kukulaumu kwa rangi yake, mwambie mapema kabla hujazigusa.

Achukue malipo yake kwa pesa taslimu, asikubali kulipwa karafuu. Karafuu mbichi kilo 3 zinakauka kuwa kama kilo 1, zinataka siku nne mpaka saba za jua zuri, jamvi safi na mtu wa kuziwahi mvua ikija. Halafu mnunuzi halali ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali, na mtoto mwenye kifuko cha karafuu mkononi atashukiwa wizi hata kama amezifanyia kazi. Na atakayemfuata njiani akitaka kuzinunua kwa siri anamuingiza kwenye magendo. Pesa taslimu haina maswali hayo.

Kucha ziwe fupi na baada ya kazi aoshe mikono vizuri kabla ya kugusa macho. Mafuta ya karafuu yanachoma.

Shangazi_Madungu

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshanunua solusheni na msasa, na tyubu kuukuu tumepewa bure. Maswali mawili. BiUbuyu, masika ikianza unyevu unaingia kila mahala, ubuyu utakauka? Na huyu wa kike hapendi jiko hata kidogo. Kuna kazi inayokwenda na kuchora kwake?

BiUbuyu_Mkunazini

Masika apike nusu ya kipimo, mara mbili kwa wiki, badala ya kilo nzima mara moja. Sukari inavuta unyevu wa hewa yenyewe, huwezi kuizuia. Ukishapoa uingie moja kwa moja kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na afunge pakiti za siku mbili tu kwa wakati mmoja. Siku ya mvua kutwa asipike kabisa. Na kwa duka, aulizwe muuzaji anaziweka wapi: zikikaa karibu na friji ya soda au mlangoni zitaanza kunata kabla ya zile zilizoko rafu ya juu.

Asiyependa jiko asilazimishwe. Mwachie Somo hapo chini, naona anaandika.

Somo_Jang'ombe

Naam, nipo. Shangazi, mtoto anayechora asikimbizwe kwenye kashata. Mkono wake una soko, ni hina. Harusi haziishi, na wiki ya kuelekea Idi wachoraji wanakataa watu. Kwa umri wake awe anachora nyumbani kwako au akifuatana nawe, wateja wawe wanawake wa mtaani na wasichana wenziwe. Maharusi bado, bibi harusi hafanyiwi majaribio.

Mazoezi yasianze na hina yenyewe. Unga wa ngano ukorogwe na maji mpaka uwe kama mtindi mzito, utiwe kwenye koni, achore juu ya sahani ya kioo, afute, achore tena. Wiki mbili za mstari mmoja tu: mstari mrefu wenye unene ule ule toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha nukta, kisha jani, kisha ua. Anayejua kuchora kwa penseli anadhani ataweza siku ya kwanza, lakini penseli inaburuzwa na koni inaning'inizwa. Ncha haigusi ngozi, uzi wa hina unaangushwa kutoka juu kidogo. Ukigusa, mstari unapanuka na kuchafuka. Mtoto akililia hilo mwambie ni la kila mtu.

Kipimo: unga laini wa hina gramu 100, sukari vijiko 2 vya chakula, mafuta ya mkaratusi mililita 15, na maji ya ndimu yaliyochujwa mililita 250 mpaka 300. Unga uchekechwe kwa kitambaa cha hariri au soksi safi ya nailoni. Punje moja tu inaziba koni katikati ya ua. Tia ndimu kwanza, nusu, ukoroge, kisha ongeza kidogo kidogo, maana unga wa kila duka unakunywa tofauti. Funika, uache mahala pa joto saa 8 mpaka 12. Hina iliyoiva inaonyesha rangi ya kahawia juu na kijani chini, na ukipaka kidoa kiganjani dakika tano kinaacha alama ya chungwa. Isiyoacha alama ama haijaiva ama ni unga wa zamani uliokwisha nguvu, na hakuna ndimu itakayoufufua. Sukari ndiyo inayoifanya ishikamane na ngozi isipukutike ikikauka. Ikizidi, hina haikauki kabisa wakati wa unyevu.

Mchanganyiko huo unatoa koni kama 16 za gramu 25. Koni zitengenezwe kwa nailoni ngumu ya kufungia zawadi, zikatwe vipande vya sentimita 15 kwa 12, zizungushwe zifungwe kwa gundi ya karatasi. Tundu la ncha lisikatwe kwa mkasi mwanzoni, litobolewe kwa pini. Zisizotumika leo ziingie kwenye friza, zinakaa miezi. Zikiachwa juu ya meza kwa joto letu, siku ya pili tayari rangi imefifia.

Mteja aelezwe: ikae saa 4 kwa uchache, ikwanguliwe na si kuoshwa, na maji yasiguse siku nzima. Ikitoka ni rangi ya chungwa, inakoza baada ya saa 24 mpaka 48. Asipoambiwa hivyo atarudi asubuhi kulalamika kwamba hina ni mbovu. Kwa hiyo hina ya Idi inachorwa siku mbili kabla. Ya usiku wa kuamkia Idi itaiva watu wameshamaliza kula.

Sasa lililo zito, na naomba Shangazi ulisimamie mwenyewe. Piko asiiguse. Wateja wataiomba kwa sababu ni nyeusi na inakauka haraka, lakini ile ni dawa ya kutia nywele rangi. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, na ngozi ya mwanadamu ikiikataa inatoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, na alama inaweza kubaki maisha. Mbaya zaidi, mtu akishaanza kudhurika nayo mara moja, dawa ya rangi ya nywele atakayopaka ukubwani inaweza kumrudishia. Hakuna kuichanganya na hina "kidogo tu". Hina ya majani haiwi nyeusi tititi, na unga unaouzwa kwa jina la "hina nyeusi" una kitu ndani yake.

Pia vichanga wasipakwe hata hina safi. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwetu pwani hawako wachache. Kwao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akawa wa manjano na kuhitaji hospitali. Mama akisema "mtie kidogo miguuni apendeze", jibu ni hapana.

Bei iwekwe kwa mchoro na si kwa muda: awe na daftari lenye michoro kumi aliyoichora mwenyewe, kila mmoja na bei yake pembeni, mteja anaonyesha kidole. Hapo ndipo kuchora kwake kunapomlipa, kwa sababu wengi wanarudia maua yale yale ya kwenye simu. Achore mlango wa Kizanzibari kwenye mgongo wa mkono, minyororo na mawaridi yake, aone watu watakavyouliza umechorwa na nani. Pesa ya kwanza anunue brashi moja nzuri ya namba 6 yenye ncha. Hiyo moja inafanya kazi ya tano za bei rahisi.

Fundi_Wete

Somo umesema kweli kuhusu piko.

Shangazi, nimalizie la baskeli yenyewe, kwa sababu kijana akishajaza kibubu atakimbilia ya rangi nzuri. Aende na rula na kitambaa. Kitambaa apanguse fremu pale bomba la juu na la chini yanapokutana na kichwa cha mbele, na chini ya kiti. Ufa unaanza kama unywele chini ya rangi, na fremu ya alumini iliyopasuka hainunuliki hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuichomelea kunaharibu ugumu wake na inakatika tena karibu na pale pale. Rula aipime nayo cheni: toka kati ya pini moja mpaka kati ya pini ya 24 mbele yake ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16, cheni imekwisha. Ikifika 12 na 1/8, na meno ya nyuma yamekwisha pamoja nayo, kwa hiyo atoe bei ya cheni na meno kwenye bei anayotajiwa.

Anyanyue gurudumu la nyuma na kulizungusha huku akipandisha na kushusha gia zote, moja baada ya moja. Ikiruka gia moja inaweza kuwa waya tu. Zikiruka zote, atazame kile kipini kinachoshika kibadilishia gia kwenye fremu akiwa amesimama nyuma: kikiwa kimepinda kuelekea ndani, baskeli iliangukia upande wa kulia. Kinanyooka, lakini kwa mtu anayejua. Halafu asimame juu ya bomba la juu miguu yote chini: abakiwe na nafasi ya sentimita 3 mpaka 5. Ikimgusa ni kubwa, hata kama "ataikulia".

Na pesa ikae vikopo viwili, vyenye majina. Kimoja mtaji: solusheni, msasa, vimpira vya valvu, hakiguswi kwa jambo jingine. Cha pili ndicho kibubu cha baskeli. Tuseme anaziba pancha 10 kwa wiki kwa 1,000, na 2,500 inarudi kwenye mtaji. Inabaki 7,500. Baskeli ya 180,000 ni wiki 24. Lakini atenge 30,000 nyingine kabla ya kununua, maana mtumba wa gia unataka tyubu mbili, waya wa breki na wa gia, na viatu vya breki tangu siku ya kwanza. Hizo ni wiki 4 zaidi. Amwambie muuzaji mapema kwamba hana haraka, na kila akipita aitazame baskeli bila kuuliza bei.